Hapana ya Tatu

King'ora kilipolia jikoni kwa Ardis Tveit, alidhani nyumba inaungua. Alitupa mwiko, akatazama dari, akatazama jiko. La, kelele zilitoka mezani, kwenye kompyuta. Kioo kizima kilikuwa chekundu, na maandishi meupe yalisema kompyuta hii imeingiliwa, usiizime, ukiizima kila kilichomo kitapotea. Chini yake palikuwa na namba ya simu.

Kila kilichomo! Akavuta kiti, akakaa.

Kwa Ardis, kilichomo hakikuwa benki wala picha za wajukuu. Kilikuwa kurasa thelathini na moja. Mumewe Verlyn, siku ile alipoanguka nje ya gereji na koleo la theluji mkononi, alikuwa ameziacha wazi kwenye kivinjari, kile kidirisha cha kuingilia mtandaoni, zimebanana kule juu hata majina yake hayasomeki. "Za kwangu usiziguse," alizoea kusema, na miaka mitatu mjane wake hakuzigusa. Alifungua dirisha lake dogo pembeni, akasoma matangazo ya kanisa na hali ya hewa, akatoka kwa adabu kama mgeni. Kila kivinjari kilipoomba kisasishwe kwa toleo jipya, alibonyeza "Kesho". Kusasisha ni kukifunga na kukifungua upya, na nani angemhakikishia kwamba za Verlyn zitarudi? Usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi sote tunalijua hilo. Ardis naye alilijua. Ufa wake aliufunika zulia.

Akapiga ile namba.

"Pole sana, mama," ilisema sauti laini ya mwanamume aliyejiita Desmond. "Umefanya la maana kupiga. Usiizime tu. Ukiizima umekwisha."

"Nisamehe kwa kukusumbua, mwanangu."

"Usumbufu gani, mama? Ndiyo kazi yangu."

Alimwambia abonyeze hapa, kisha pale, apakue programu fulani, akubali. Ardis alibonyeza kila alichoambiwa. King'ora kikanyamaza, wekundu ukatoweka, na alijaa shukrani hata akataka kumpelekea yule mtu chakula.

Kisha mshale ukaanza kutembea wenyewe.

Ardis aliinua mkono kutoka kwenye kipanya, akauweka kifuani. Mshale uliendelea. Ulipita polepole juu ya kioo, ukaingia kwenye dirisha la Verlyn, ukasimama juu ya zile kurasa. Baridi ilimpanda kutoka miguuni, na haikuwa ile ya Februari iliyokuwa nje.

"Haya ndiyo matatizo yako, mama. Kurasa chungu nzima za zamani. Virusi vimejificha humu. Nakufungia zote."

"Hapana, hapana, usijisumbue."

Katika mji wao wa Bemidji watu hulelewa hivi: ukikaribishwa kahawa, unakataa. Ukikaribishwa tena, unakataa kwa sauti ya chini. Mara ya tatu unasema basi, nusu kikombe, kama ipo tayari. Hapana mbili ni za adabu, na ya tatu haipo. Na simu huikati mpaka mwenzako aage, na kuaga kwenyewe ni robo saa nzima.

"Wala sijisumbui," Desmond alisema. "Dakika moja tu."

"Hapana, kwa kweli. Ziache tu." Mwenyewe alijisikia: ilikuwa sauti ileile ya kukataa kipande cha keki.

"Mama, wewe ni kama mzazi wangu. Siwezi kukuacha hivi. Nazifunga, halafu tunafungua benki yako tuone kama wamekuibia."

Ukurasa wa mwisho kabisa, ule wa kulia, ukatoweka. Mshale ukasogea kwenye uliofuata.

Zamu ya Ardis ya kusema basi, haya, ilikuwa imefika, na miaka yote sabini na minne aliyoishi ilikuwa ikimsukuma aseme. Alimwona Verlyn akitoweka vipande vipande pale juu ya kioo, na yeye amekaa kimya kwa sababu ya adabu.

"HAPANA!" alipiga kelele, kiti kikaanguka nyuma yake. "Hapana! Toka nyumbani kwangu!"

Akakata simu. Akapiga magoti chini ya meza, akang'oa waya wa umeme, akang'oa na wa mtandao. Kioo kikawa cheusi.

Ndipo alipokumbuka: ukiizima, kila kilichomo kitapotea. Alibaki pale sakafuni, waya mkononi, akihisi amemuua Verlyn mara ya pili. Simu ikaita. Ikanyamaza, ikaita tena. Aliifungia ndani ya kopo la kuhifadhia mkate, na hata humo ikaendelea kuita. Akatoka mbio.

Jirani yake LaVonne Kvale, mjane mwenzake anayefundisha wazee kompyuta pale maktaba, alifungua mlango na kumkuta kwenye theluji na ndara miguuni.

"Mama wee! Bila koti? Nani kafa?"

"Nimemkatia mtu simu."

"Wewe? Shoga, basi dunia imekwisha. Hebu ingia."

Ardis alimweleza yote, meno yakigongana. LaVonne aliacha utani. Benki ilipigiwa kutoka simu yake, wakaambiwa hakuna kilichoguswa. Kisha wakavuka barabara kurudi kwa Ardis.

"Mtandao usiurudishe kwanza," LaVonne alisema, akiwasha kompyuta. Aliitafuta ile programu ya Desmond, akaifuta, akakagua tena na tena. "Yale maneno mekundu yalikuwa uongo mtupu, shoga. Ulikuwa ukurasa tu kama kurasa nyingine. Lakini kivinjari chako! Kizee kuliko mimi. Kimeacha milango wazi miaka mitatu!"

"Kurasa zake zipo?"

LaVonne aliinamia kioo. Alibonyeza "Rejesha". Ardis alifumba macho.

"Thelathini," LaVonne alisema.

"Zilikuwa thelathini na moja." Ardis alifumbua macho. "Yule mtu aliufunga mmoja. Wa mwisho."

"Tulia. Kivinjari kina kumbukumbu, hakisahau upesi hivyo. Wewe chukua kalamu, tuandike majina yote, hata iweje yawe kwenye karatasi."

Wakaandika. Bei ya mashine ya kutoboa barafu. Unene wa barafu ziwani. Namna ya kuzuia chapati za viazi zisikauke. Ardis alicheka kidogo hapo, kwani zake zilikuwa zikikauka kweli. Kisha LaVonne akafungua orodha ya kumbukumbu, akateremka, na ghafla akaondoa mkono kwenye kipanya.

"Huu usome mwenyewe."

Jina la ukurasa lilikuwa swali: "Nisipokuwepo, mke wangu atumie kivinjari gani?"

"Rudisha mtandao," Ardis alisema.

Ulikuwa ukumbi wa watu wanaoulizana mambo ya kompyuta. Verlyn alikuwa ameandika kwamba daktari amempa miezi, moyo umechoka. "Mke wangu haogopi dubu wala dhoruba ya theluji, ila kompyuta anaiogopa." Mtu asiyemjua alimjibu: chochote atakachokizoea, mradi kisasishwe kila kinapoomba, usimwachie cha zamani. Chini yake Verlyn alijibu, "Asante. Nitamwekea Jumamosi."

Alianguka Alhamisi.

"Ulijua," Ardis alikiambia kioo. "Mzee mjinga wewe, ulijua, na mimi hukuniambia!" Alilia kwa hasira, kisha akalia tu.

Pembeni, kijisanduku kilekile kilichomsumbua miaka mitatu kikajitokeza. Sasisha sasa, au Kesho.

"Nikubonyezee?" LaVonne aliuliza.

"Hapana."

"Nikusaidie, shoga, si kitu."

"Hapana."

"Mikono inakutetemeka, Ardis."

"Hapana. Mimi mwenyewe."

Akabonyeza. Dirisha lilijifunga, kurasa zote zikaenda nalo, kikabaki kioo kitupu na kiduara kinachozunguka. Ardis aliikamata ile karatasi kwa mikono miwili. Aliogopa kuliko alivyoogopa king'ora.

"Zisiporudi?" alinong'ona.

"Zisiporudi tunayo karatasi. Nitie kahawa?"

"Tia," Ardis alisema papo hapo, macho kwenye kiduara. "Tia kikombe kizima."