Kapita Amehamia kwa Blandine

Kama paka angekimbilia kwa mtu mwingine, Alphonse angemeza uchungu. Lakini kwa Blandine! Mwanamke aliyekuja kulia kwenye matanga ya Albertine, akala chakula cha matanga, na machozi hayajakauka vizuri akawachukua wateja wa marehemu pamoja na magunia yake ya mahindi kutoka Kapolowe. Kweli, magunia Alphonse alimuuzia mwenyewe. Mwanaume aliyefiwa na mke afanye nini na mahindi? Lakini paka hakumuuzia.

Paka aliitwa Kapita. Albertine ndiye aliyempa jina hilo, kwa sababu paka alikuwa akizunguka magunia ya chumba cha nyuma kama kapita, msimamizi wa kiwandani, mkia juu, na panya aliyethubutu kutoboa gunia hakuiona kesho yake. Siku hizo alikuwa paka mtulivu. Baada ya mazishi ndipo akaharibika. Jua likianza kushuka, macho yanamtoka, anatimka toka mlangoni mpaka ukutani na kurudi, anapanda pazia, anajibanza chini ya kiti na kumrukia Alphonse vifundoni kwa meno. Mara nyingine anaingia chumba cha nyuma, sasa kitupu, anaukodolea ukuta macho na kulia kama mtoto.

Alphonse alijua wa kulaumu. Wakubwa. Malori ya asidi ya kiwanda chao yanatikisa bati kutwa nzima, vumbi lao linaingia mpaka ndani ya sufuria. Paka gani atabaki na akili? Ni wakubwa hao hao waliomng'oa kiwandani kama msumari uliopinda. Ni wao walioiacha hospitali ya kiwanda bila dawa siku Albertine alipoihitaji. Sasa wamefika hata kwenye paka.

"Papa Alphonse," Pitshou, mchimbaji wa nyumba ya pili, alimwita kwa juu ya ukuta, "ukichoka na ile paka, unipe. Miye niko na pilipili."

"Enda kule! Kula viatu vyako."

Asubuhi moja Kapita hakuonekana. Alphonse alimkuta uani kwa Blandine, nyuma ya ukuta wa pili, amelala juu ya gunia, tumbo wazi, anaota jua. Kwa Alphonse paka hakuwahi kulala tumbo wazi. Alphonse akaona wivu. Akambeba bila salamu, akaenda kumfunga kamba kwenye mguu wa meza.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa mabaya. Kapita alizunguka meza, akaruka, kamba ikamkaba shingo. Alphonse alipoinama kumfungua, akapasuliwa mkono mpaka damu ikatiririka. Paka akatoka dirishani, moja kwa moja kwa Blandine.

Alphonse akamfuata, mkono umefungwa kitambaa.

"Mama Blandine! Unapatia paka yangu nini? Unamutilia dawa?"

"Dawa gani, papa? Ikala kwanza kwa kiti."

Alphonse hakukaa. "Ulikamata bateja, nikanyamaza. Ulikamata magunia. Sasa unakamata paka. Kesho utakamata miye?"

Wanawake waliokuwa wakipimiwa mahindi wakaangua kicheko.

"Weye? Sikutaki," Blandine akajibu. "Unauma kupita paka yako. Sikia. Paka hii haiko na wazimu, inakosa kazi tu. Ilikuwa inawinda panya, panya zikaenda na magunia. Nguvu inabakia mu mwili. Ikiona miguu yako inapita, inasema ile ni panya. Na weye unaifunga kamba! Muntu wakimufunga kamba, anatulia?"

Akachukua utepe wa kitambaa wenye unyoya wa kuku kwenye ncha, akauburuta taratibu nyuma ya gunia. Kapita akalala chini, akatikisa makalio, akaruka. Tena na tena, mpaka mbavu zikawa zinapanda na kushuka. Blandine akamwachia aukamate unyoya, kisha akamtupia dagaa. Paka akala, akalamba manyoya yake, akasinzia.

"Awinde kwanza, akule, atalala mwenyewe. Ufanye kila siku mbele ya ile saa yake ya fujo. Na usicheze naye na mukono, atazoea kuiuma. Albertine alikuwa anafanya vile panya zikikosekana. Hapa hapa. Alikuwa anacheka mpaka anaanguka chini."

 Siku hizo Albertine alipokuja hapa na paka, Alphonse alikuwa kiwandani, au kwenye pombe na wenzake. Nyumbani Albertine alitabasamu, alipika, alisali. Hakuwahi kumwona akicheka mpaka kuanguka. Huyu mwanamke alimwona. Magunia yangerudi, wateja wangerudi, lakini kicheko kile kilikuwa cha Blandine peke yake, na hakuna chifu wa mtaa wa kumshtaki kwake.

Akambeba paka, akaondoka bila asante.

Jioni alichana mfuko wa kombineza yake ya zamani, ile ovaroli ya kiwandani, kuwa utepe, akafunga unyoya. Akauburuta kuelekea usoni kwa Kapita. Kapita akageuza kichwa.

"Papa Alphonse, unavua samaki?" Pitshou akauliza.

Alphonse akafunga mlango. Siku zilizofuata paka alishinda kwa Blandine, naye Alphonse akawa anakwenda kumchukua kabla jua halijashuka. Polepole akaelewa kwamba panya hamkimbilii paka, anamkimbia. Akaufanya unyoya utoroke, usimame, ujifiche nyuma ya kiti. Kapita akaruka.

Jioni moja, baada ya kuruka na kula, Kapita akajilaza juu ya miguu ya Alphonse. Mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya joto.

"Kapita!" sauti ya Blandine ikaja toka upande wa pili wa ukuta. "Kapita, kuya hapa! Panya iko mu gunia!"

Sikio moja la paka likageuka.  Sikio likabaki vile, likirudi nyuma kidogo, likisikiliza. Kisha paka akaficha pua chini ya mkia.

Miguu ya Alphonse ilikuwa imekufa ganzi, lakini hakuisogeza. Blandine akaita tena.

"Ita," Alphonse akanong'ona. "Ita mpaka koo ikauke."