Jina la Ocira

Kampala haina bahari, lakini Ayot alikuwa ameyatumia maisha yake ya kazi akichunguza viumbe wa baharini. Si samaki wala nyangumi. Ni ndugu wadogo wa kaa na kamba, wasiozidi punje ya mchele, wanaong'ang'ania mwani na kujificha chini ya mawe. Majirani zake wa Bukoto walijua tu kwamba anafundisha chuoni mambo ya majini, na walipouziwa sangara aliyeharibika walimletea amnuse.

Kazi yake ilikuwa kupanga. Huyu ni wa ukoo gani, yule ni wa jamii gani, wanatofautiana wapi. Na akimpata ambaye hakuna mtu aliyewahi kumweleza, kumpa jina.

Kwa miaka mingi aliishi kwa kuombaomba sampuli kwa wenzake wa pwani ya Kenya. Kisha mwanawe wa pekee, Ocira, aliyeingia jeshini kwa kumfuata baba yake, akapelekwa Mogadishu na kikosi cha kulinda amani. Kambi yao ilikuwa hatua chache kutoka ufukweni. Siku alipopiga simu ya kwanza nyumbani hakusimulia vita.

"Mama," alisema, "huku mawe yote yamejaa watu wako."

Tangu hapo akawa anakwangua mwani kwa kisu, anautia kwenye chupa za maji ya kunywa na kuujazia spiriti aliyoibembeleza kwa daktari wa kikosi. Askari aliyepata likizo alikabidhiwa chupa kama mtu anayepewa mtoto wa watu. Tatu zilifika hivyo. Ya nne ilichelewa. Ocira alitangulia, ndani ya sanduku ambalo jeshi halikuruhusu lifunguliwe, baada ya gari lao kukanyaga bomu barabarani. Chupa ikafuata. Ayot aliiweka nyuma kabisa ya kabati la maabara, akafunga mlango.

Katika zile tatu za kwanza alikuwa amemwona dume mmoja asiyemfahamu. Gando lake lilikuwa na meno matatu madogo yaliyojipanga kama ya msumeno. Alipekua maandiko yote aliyoweza kuyapata, akawaandikia wataalamu wa ng'ambo, hakuna aliyemtambua. Mwaka uliofuata mazishi alichapisha maelezo yake na kumwita *ocirai*, yaani wa Ocira.

Mumewe Oloya, sajini mstaafu, hakuwahi kuyaelewa mambo ya mkewe wala hakuwahi kujaribu. Lakini ukurasa ule aliukunja vizuri, akautia kwenye mfuko wa shati, karibu na kitambulisho chake. Aliuonyesha kanisani, akauonyesha kwa wastaafu wenzake, akawaonyesha hata walinzi aliokuwa akifanya nao kazi kwenye mageti ya matajiri kule Kansanga. "Sanamu zinaanguka," aliwaambia. "Hili limeandikwa kwa sayansi."

Ikapita miaka. Ayot akapata mwanafunzi wa shahada ya pili, Victoire, msichana kutoka Uvira aliyekimbilia Uganda na mama yake, ambaye sasa aliuza sombe, majani ya muhogo, sokoni Kalerwe. Victoire alikuwa na macho makali na mkono usiotetemeka, na alimwita Ayot mama, wala hakusema hivyo kwa adabu tu.

Ni yeye aliyekuja siku moja asubuhi na habari za kabati.

"Mama, kuko chupa moja huko nyuma. Spiriti inaisha. Tukiiacha vile, vyote vitakauka."

Ayot aliijua: ya nne. Spiriti ikikauka, kilichomo ndani hugeuka vumbi.

"Ifungue," alisema. "Wapange wote. Mimi usiniite."

Lakini Victoire alimwita. Ilikuwa kabla ya chakula cha mchana, wiki ileile. Alisimama kando ya hadubini, mikono ameificha nyuma, kama mtu aliyevunja kitu.

"Angalia huyu, Mama. Pengine ni mimi niko nakosea."

Ayot aliinama. Alikuwa dume aliyekufa akiwa katikati ya kujivua gamba. Gamba la nje lilikuwa bado limemkaa, jembamba kama ngozi ya kitunguu, na gando lake lilikuwa na meno matatu. Ndani ya gamba hilo, likiwa limekunjwa, lilionekana gando jipya lililokuwa tayari kutoka. Halikuwa na meno matatu. Lilikuwa na jino moja nene, lililopinda kama kidole gumba.

Kidole gumba hicho alikijua. Mwanafunzi yeyote wa fani yake alikijua. Kilielezwa zaidi ya miaka mia iliyopita na Mwingereza mmoja, daktari wa meli, aliyempata kiumbe huyo upande wa pili wa bahari ileile na kumpa jina. Kumbe wale wa meno matatu hawakuwa jamii nyingine. Walikuwa madume yaleyale, kabla hayajakomaa. Na sheria ya majina ni moja duniani kote: lililotangulia ndilo linalobaki.

Akainua kichwa.

"Nimrudishe tu kwenye chupa?" Victoire aliuliza kwa sauti ndogo. "Hakuna mutu mwingine atakuja kuangalia, Mama."

Ayot alichukua mkoba wake akaondoka, na kwa majuma kadhaa hakuna aliyelitaja jambo hilo. Alifundisha, alisahihisha mitihani, alirudi nyumbani akampikia mumewe. Usiku alilala. Asubuhi, kabla hajafumbua macho, gando lile lilikuwa linamngoja.

Kisha Victoire akaleta sura ya kwanza ya tasnifu yake, ile inayomwongoza msomaji kutambua kila kiumbe kwa alama zake. Ayot alisoma akiwa na kalamu mkononi hadi akafika kwenye mstari uliosema kwamba dume lenye gando la meno matatu ni *ocirai*, na lenye jino moja ni jamii nyingine kabisa. Ulikuwa umeandikwa kwa ufasaha, bila kusita.

"Unajua kwamba huu ni uongo," alisema.

"Najua."

"Umeuandika kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili ya mutoto." Victoire alikuwa analia tayari. "Siye kwetu tuliacha watu barabarani bila hata kuwazika. Yeye ako na jina. Nitamunyanganya namna gani?"

Ayot alimtazama msichana huyu aliyekuwa anaanza kazi yake ya maisha kwa kuiharibu. Akaukata mstari ule kwa wino.

"Tutaandika pamoja, mimi na wewe," alisema. "Jina langu litatangulia, ili asiwepo wa kukulaumu."

Alimwambia Oloya Jumapili, walipomaliza kula. Alimweleza polepole, kwa Kiacholi, akimchorea magando yote mawili nyuma ya bahasha. Oloya alisikiliza, mkono wake ukiwa juu ya mfuko wa shati. Alipokasirika siku zote aliacha Kiacholi, akaingia Kiswahili cha kambini.

"Nani amegundua?"

"Sisi wenyewe. Mimi na Victoire."

"Hapana adui? Hapana mtu ametoka nje kuja kusema?"

"Hakuna."

"Basi nyinyi nyamaza!"

"Siwezi, Won Ocira." Ndivyo alivyomwita tangu mtoto alipozaliwa, baba Ocira. "Na jina halifutwi kabisa. Litabaki limeandikwa chini ya lile la zamani, siku zote."

"Chini ya muzungu."

"Chini ya jina la kwanza."

Oloya aliitazama bahasha kwa muda mrefu. "Hii ya meno matatu," alisema, na sasa sauti yake ilikuwa imeshuka. "Unasema ni kijana. Bado kuwa mtu mzima."

"Ndiyo."

"Na huyu mwenye umeona, alikufa kabla ya kumaliza kubadilika."

Ayot akaitikia kwa kichwa.

"Serikali ilinipa bendera," Oloya alisema. "Nilipokea, kwa sababu nilikuwa askari. Wewe ulinipa jina. Bendera mpaka leo hawajakuja kunidai."

Hakupiga meza wala hakupaza sauti tena. Alikunja nguo zake kwa mpangilio wa kijeshi, akazitia kwenye begi, akaenda kuishi Kansanga, kwenye chumba cha walinzi.

Makala ilitoka mvua za Machi zilipoanza. Mtaalamu mmoja wa ng'ambo aliandika kuwapongeza kwa uchunguzi safi. Victoire alipata shahada yake. Ayot aliisoma ile barua ya pongezi mara moja, akaenda kunawa mikono.

Jumamosi moja alipika boo, mboga ya majani ya kwao, kwa karanga, chakula ambacho Oloya alikipenda tangu ujana wao Kitgum, akapanda boda hadi Kansanga. Nyumba ilikuwa na geti refu jeusi. Aligonga. Kidirisha kikafunguka, na ndani yake akaona kofia, kisha macho ya mumewe. Alikuwa amekonda. Mfuko wa shati la sare ulikuwa mtupu, umelala bapa kifuani.

"Madamu," Oloya alisema, "unatafuta nani?"

"Namtafuta Won Ocira."

Gari lilipita nyuma yake, likamrushia maji ya tope kwenye sketi. Hakugeuka.

"Hapa hakuna mtu wa jina hiyo," Oloya alisema.

Ayot alipitisha chombo cha chakula kwenye kidirisha. Mkono ulitoka, ukakipokea kwa uangalifu kisimwagike, na kidirisha kikafungwa. Alisikia komeo likisukumwa, halafu hatua za buti zikienda mbali, zikirudi, zikienda tena. Alisimama pale hadi mwendesha boda akamwuliza kama bado anangoja mtu.