Jina la Mkunga

Mimi nina mdomo, najijua. Asubuhi ile mama mkwe aliniambia niuache nyumbani huo mdomo, niende Majengo na adabu tu, kwa sababu nakwenda kuomba. Kuomba! Nimeumiziwa mtoto, halafu mimi ndiye wa kuomba. Lakini Hamza, msaidizi wa sheria wa pale Makole, alishatueleza mimi na mume wangu Elisha bila kutuficha. Kadi ya kliniki imeandikwa mtoto alizaliwa mzima, faili la zahanati halionekani, na muda wa kufungua madai unakwisha mwezi ujao. Kilichotokea chumbani tunakijua wawili tu, mimi na mkunga. Asipoandika kwa mkono wake, kesi ya mwanangu imekufa.

Mkunga huyo anaitwa Sista Restuta. Na mwanangu anaitwa Restuta.

Ndiyo, nilimpa jina lake. Nilikaa na uchungu siku mbili, mtoto ana kilo nne na nusu, kichwa kikatoka, bega likanasa. Yule mama alikuwa peke yake zamu ile, na wazazi wengine wawili wanamlilia. Akavuta. Niliposikia mtoto analia nikajua tumepona sote wawili, na nyumbani kwetu shukrani kubwa kuliko zote ni jina. Nikamwandikisha hivyo, mwenyewe hata hajui.

Mkono ulining'inia tangu siku ya kwanza. Sista aliniambia utanyooka wenyewe, nimfunge tu kanga vizuri. Nikafunga, nikangoja, mjinga mimi. Mwaka na nusu baadaye daktari mmoja wa mjini ndiye aliyetuambia kwamba mishipa ya fahamu inayotoka shingoni iliumia alipovutwa, na kwamba angeletwa akiwa mchanga wangeweza kujaribu kumpasua. Sasa yamebaki mazoezi ya miaka na miaka, na mkono hautakuwa mkono tena. Ule wa kulia, wa kulia ugali. Mimi nimeulilia mpaka macho yamechoka.

Tangu siku ile silitaji jina lile. Namwita mama, basi. Bibi yake ndiye anayemwita Restuta, naye huitika vizuri kama alivyofundishwa.

Tulimkuta sokoni Majengo, mimi na mwanangu. Alikuwa amestaafu, anauza karanga, amekonda, na hakunikumbuka. Njia nzima kutoka Buigiri nilikuwa napanga matusi, yamejipanga vizuri kabisa. Mwanangu akanitangulia. Akamwamkia shikamoo, akanyoosha mkono wa kushoto.

“Marahaba, mjukuu wangu,” Sista akamwambia kwa upole. “Lakini mkubwa anapewa mkono wa kulia.”

Watu wote humwambia hivyo, kanisani, kisimani, hata shangazi zake. Amezoea. Akaushika mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, akaunyanyua, akampelekea.

“Huu hapa, bibi. Umelala. Ushike wewe.”

Sista akaupokea. Vidole vyake vikapanda taratibu, kiwiko, mkono wa juu, mpaka begani, vikasimama hapo. Kisha akaniangalia, na nikaona amenijua.

“Nilivuta, Paulina,” akasema. “Nilijua siku ileile. Niliogopa kuandika.”

Miaka mitatu, tangu kwa yule daktari, nilikuwa nalitaka neno hilo. Nilidhani nikilipata nitapumua. Nilitaka kumpiga, na nilitaka kulala mapajani kwake nilie kama siku ile aliponifuta jasho, na nilijichukia kwa yote mawili. Matusi yangu sijui yalikwenda wapi. Tulilia pale mbele ya karanga zake, mteja mmoja akaja, akatuona, akaondoka zake.

Nilimpa karatasi za Hamza. Nilimweleza kwamba akiandika anaweza kuitwa mbele ya watu wakubwa, akaulizwa na kuaibishwa uzeeni. Akasema anajua. Akafuta mikono kwenye kanga, akapindua debe likawa meza, akaandika polepole kurasa mbili nzima. Mwanangu alikuwa amekwenda nyuma ya magunia, anachezea maganda.

Alipomaliza alisema atanisomea kwa sauti kabla ya kusaini, nisikie kama kuna uongo. Akavaa miwani.

“Mimi, Restuta,” akaanza.

“Abee,” mwanangu akaitika nyuma ya magunia.

Sista akashusha karatasi. Alimtafuta kwa macho, kisha akanigeukia mimi. Mimi mwenye mdomo nikamwitikia kwa kichwa. Mtoto akaja mbio, maganda yamemjaa nyweleni, mkono mmoja unamfuata nyuma, akasimama mbele yake kwa adabu, akingoja kuambiwa alichoitiwa.