Viatu vya Misa

Kila asubuhi, saa mbili kamili, Cibalonza alitoa karatasi ya jana kwenye silinda, akaandika tarehe pembeni kwa kalamu ya risasi, akavalisha silinda karatasi mpya, akajaza wino. Kisha alishusha sindano polepole, kama mtu anayemlaza mtoto aliyekwisha kusinzia. Kazi yote ilichukua dakika saba. Siku iliyobaki ilikuwa ya kufagia, kupangusa betri mbili za lori zilizoendesha mashine ya kupima matetemeko, na kungoja ardhi itetemeke.

Kituo kilikuwa Nguba, mtaa wa Bukavu, chini ya mteremko, karibu na ziwa: chumba kimoja na nusu cha matofali, na katikati nguzo ya simiti iliyochimbiwa mpaka kwenye mwamba. Mashine ilikaa juu ya nguzo. Papa Grégoire, fundi wake, alikuwa nayo kwa miaka thelathini na moja. Ripoti zake zilipaswa kwenda kwa wakubwa wake Lwiro kila mwisho wa mwezi, lakini tangu vita ianze barabara haikujulikana ni ya nani, na ripoti zilikuwa zinalala kabatini. Aliendelea kuziandika na kuzipiga muhuri.

Cibalonza alipewa nafasi ile kwa sababu ya mwandiko wake. Alikuwa amesoma masomo ya jioni ya parwasi akiwa na mimba, akamaliza miezi miwili kabla ya kumzaa Bintu. Siku ya kwanza ya masomo, Sista Valérie aliwaomba waandike ukurasa mmoja: wanataka kufanya nini na maisha yao. Wenzake waliandika muuguzi, waliandika mshonaji, mmoja aliandika bibi ya padri na kuchekwa wiki nzima. Cibalonza aliandika jina lake juu ya ukurasa, akakaa saa nzima, akaurudisha. Sista alimpa alama moja, ya usafi.

Jumapili ya pili baada ya Pasaka, mwaka 1999, askari waliizunguka parwasi wakati watu wanatoka misa ya kwanza. Walichagua wanaume kumi na wawili wenye mabega. Venant, mume wa Cibalonza, mwalimu wa darasa la tatu, alikuwa wa tisa. Waliambiwa watabeba masanduku ya risasi mpaka nje kidogo ya mji, kesho wanarudi. Hakuna aliyeruhusiwa kupita nyumbani. Waliondoka kuelekea upande wa Shabunda na makoti yao na viatu vyao vya misa.

Siku tisa baadaye, Jumanne, sindano iliandika mistari midogo iliyofuatana, kama mshono.

Papa Grégoire alivaa miwani, akaivua, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Hii haiko tetemeko," alisema. "Hii ni batu. Banatembea."

"Batu ngapi, Papa?"

Alihesabu kwa ncha ya kalamu. "Kumi na mbili bamebeba muzigo. Bengine nane banabeba bunduki tu. Beko mbali, mu pori, kupita Mwenga."

Cibalonza alimweka Bintu chini, akainama juu ya karatasi. Mstari mmoja aliujua. Venant alikuwa anaburuta kisigino cha kushoto tangu utoto, na kiatu cha upande ule kiliisha upesi, ndiyo maana Papa Cyprien, fundi viatu wa mlangoni pa parwasi, alikuwa amekipigilia kipande cha chuma. Miaka mitatu Cibalonza alikisikia chuma kile kikishuka ngazi za mawe za mteremko jioni, Venant akirudi nyumbani: mguu wa kulia, kimya kidogo, kisha wa kushoto na mkwaruzo wake. Na kila mahali penye kupanda, Venant alisimama kwanza, kama mtu anayebisha hodi kwa mlima. Sindano ilikuwa imeandika vyote: mstari mrefu, nafasi, mstari mfupi wenye mkia, na chini ya mlima nafasi kubwa zaidi.

Kwenye safu ya maelezo aliandika: Venant. Anapanda. Saa tisa alasiri.

Papa Grégoire alisoma juu ya bega lake. "Andika na dakika," alisema.

Habari ilifika parwasini kabla ya misa ya asubuhi iliyofuata. Wanawake walikuja mmoja mmoja, kila mmoja na kiatu cha zamani cha mtu wake ndani ya mfuko: kandambili, raba, buti lisilo na kamba. Cibalonza alivaa kiatu mkononi, akakigonga sakafuni kwa kufuata namna mwenyewe alivyokichakaza, mpaka sindano ikaandika mfano. Kisha alitafuta mfano ule kwenye karatasi ya siku. Hakuna mwanamke aliyeuliza inawezekanaje. Waliuliza mambo ya kawaida.

"Muzigo wake iko na uzito gani?" aliuliza Colette, jirani yake, aliyeleta kandambili moja ya mumewe Firmin.

"Kama kilo makumi ine."

"Na anatembea mbele ao nyuma?"

"Wa mwisho kabisa, Maman Colette."

"Ndio yeye," Colette alisema, akairudisha kandambili mfukoni. "Hata ku ndoa yetu alifika nyuma ya padri."

Wakacheka, wanawake sita katika chumba kimoja na nusu, na sindano ikaandika kicheko nacho.

Cibalonza alianza kufika saa mbili kasoro robo, kisha saa moja na nusu, kisha saa kumi na mbili na nusu, Bintu mgongoni, bila mtu kumwomba. Hakuona kwamba anafanya hivyo mpaka siku alipomkuta mlinzi wa jirani akingali amelala. Hapo ndipo alipojua. Aliketi kwenye ngazi, funguo mkononi, akafurahi, na papo hapo akaona haya, kwa sababu furaha ile ilikuwa imetoka kwenye migongo ya wanaume kumi na wawili. Alikaa na vyote viwili mpaka Bintu akaanza kulia. Kisha akafungua mlango.

Sista Valérie naye alikuja, na kiatu cha msimamizi wa sakristia. Alisoma safu ya maelezo iliyojaa juu mpaka chini.

"Sasa ukurasa umejaa," alisema.

"Ndio huu, masere."

"Ungeniambia nikuongezee muda."

Wiki ya saba, Jumamosi, saa tisa na dakika kumi na nane, sindano iliandika alama nzito, kama sanduku lililoanguka, na baada yake alama nyepesi zaidi. Mistari yote ilisimama. Halafu mitano kati yake ilitoka njiani na kukimbia, kila mmoja upande wake, wa Firmin ukiwa wa mwisho. Baadaye mingine iliendelea na safari. Nusu saa nyingine ikapita, kisha chuma cha kisigino cha Venant kikainuka na kuanza kutembea, bila mzigo, kikielekea Bukavu.

"Banamuachilia," Colette alisema. "Aksanti Maria. Maman Bintu, upike."

Cibalonza alinunua sambaza, dagaa wa ziwani, akazichambua, akaosha shuka. Kila siku mstari ulikuwa unanenepa kwa kukaribia. Kila siku aliona pia kwamba ulipofika chini ya mlima haukusimama. Mtu asiye na mzigo, alijiambia, hana sababu ya kubisha hodi. Alijiambia hivyo siku nne.

Siku ya tano Papa Grégoire aliilaza karatasi mezani, akailainisha kwa viganja vyote viwili.

"Umeona?"

"Nimeona, Papa."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumapili."

Alimsogezea kalamu. Cibalonza hakufuta kitu alichoandika zamani. Chini yake aliandika: Viatu vya Venant. Saa nne na dakika kumi na mbili.

Kilio kilifanyika siku tatu, nyumbani kwake. Kwa kuwa hapakuwa na mwili, waliilaza karatasi ya Jumamosi juu ya mkeka, na wanawake wakaketi pembeni yake. Padri aliisoma kwenye misa dakika ya lile sanduku: saa tisa na kumi na nane. Sambaza zililiwa na waombolezaji. Siku ya nne, saa kumi na mbili na nusu, Cibalonza alikuwa kazini.

Viatu viliingia kituoni siku hiyo hiyo, saa tano. Cibalonza alikuwa amevisikia kwenye ngazi za mawe, na mkono wake ulikuwa umeanza kumfungulia mlango Venant kabla haujakumbuka. Ndani ya viatu alikuwa komanda, kijana wa miaka kama ishirini na minne, na askari wawili nyuma yake. Majani makavu yalichungulia kwenye visigino vyake, aliyoyasokomeza ili viatu visipwaye. Sindano iliruka juu na chini mpaka akaketi.

"Banasema hapa munajua batu kwenye beko."

"Hapa tunapima matetemeko, komanda," Papa Grégoire alisema. "Tangu mwaka wa makumi sita na nane."

"Muzee, sikukuuliza miaka." Alimgeukia Cibalonza. "Kuna batano balinikimbia mu njia. Nataka njia yenye balipita."

Karatasi ya wale watano ilikuwa juu ya meza, imetolewa kwenye silinda asubuhi ile. Mistari mitatu ilikuwa imekwisha kufika mtoni. Wa Firmin ulikuwa umepumzika chini ya kilima kimoja, na ulikuwa wazi kabisa kwa mtu yeyote anayejua kusoma. Cibalonza aliweka sahani ya Bintu juu yake.

"Viatu vinakuenea, komanda?" aliuliza.

"Ni vikubwa. Na hiki cha kushoto kinapiga makelele."

"Ni chuma. Fundi anaweza kukitoa."

Komanda aliutazama mguu wake. "Bakiache. Nimekizoea."

Cibalonza alikwenda kabatini, akatoa karatasi za tangu Jumamosi ile, akazifungua mbele yake. Alimwonyesha mstari mmoja kwa kidole, polepole, kama Papa Grégoire alivyomfundisha yeye.

"Huyu alitoka kule Jumamosi ile bale balikimbia. Hana muzigo. Anapita njia kubwa, hajifiche. Angalia mukia hapa. Ni yeye, na hapa ni yeye, na hapa."

"Anaenda wapi?"

"Amekwisha kufika. Iko hapa hapa Nguba."

Komanda aliufuata mstari kwa kidole chake mpaka mwisho wa karatasi. "Na ni mutu mubaya?"

"Karatasi haiseme vile, komanda. Inasema tu viatu."

"Na bale banne bengine?"

"Shika kwanza huyu," Papa Grégoire alisema, akazipiga karatasi muhuri.

Komanda alizikunja, akaziweka mfukoni, akatoka. Wiki mbili alimtafuta mtu yule Nguba yote, akiongoza mwenyewe. Kila mahali alipofika alikuta amekwisha kupita. Wakubwa zake waliisifu bidii yake, wakamwongezea askari watatu.

Firmin alitokea Lwiro, kwa wajomba zake, miguu imevimba, siku mbili baada ya wenzake wanne kutokea kwingine. Colette alifunga vyombo akamfuata na watoto. Alimwachia Cibalonza ile kandambili, kwa kuwa, alisema, na vita hii mutu haiwezi kujua. Mistari sita iliyobaki kwenye njia ya Shabunda ilifika mahali penye mashimo ya dhahabu na kuanza kushuka na kupanda, kushuka na kupanda, kila siku saa zile zile. Cibalonza aliiandika.

Mwezi wa saba Papa Cyprien hakupata tena nafasi ya kushona soli. Wanawake walipanga mstari mbele ya meza yake kila Jumamosi, viatu vya misa vya waume zao na vya wana wao mikononi, apige misumari. Kila mtu alipewa mpangilio wake: mitatu ya pembetatu, minne ya mraba, miwili na chuma. Mifano yake ilipelekwa kituoni, ikapangwa kabatini kwa herufi, na ripoti za matetemeko zikahamia sakafuni. Jumapili ya kwanza ya mwezi wa nane askari waliizunguka tena parwasi, wakachukua wanaume kumi na tisa. Cibalonza alikuwa na mifano ya kumi na saba. Wale wawili wengine walikuwa wageni.

Bintu alianza kutembea wiki ile, ndani ya kituo, kutoka kwenye kiti cha Papa Grégoire mpaka kwenye nguzo. Hatua nne. Papa Grégoire aliacha kalamu hewani. Sindano ikaziandika, ndogo, nyepesi, ya pili na ya nne zikiwa na mkia, kwa sababu kisigino cha kushoto kilikuwa kinaburuta. Cibalonza alipiga magoti, akamshika mwanawe makwapani, akamnusa shingoni, akamrudisha kwenye kiti ili arudie.

Nje, chuma kilikuwa kinapanda ngazi za mawe bila kusimama, askari watano nyuma yake. Sindano ikakiandika nacho, mstari mzito chini ya ule mwepesi.

Alichukua kalamu. Bintu, aliandika. Saa nne na dakika sita. Na chini yake, dakika ile ile: viatu vya Venant. Alipuliza wino mpaka ukakauka.

Ilikuwa Jumamosi. Alimfunga mtoto mgongoni, akashika viatu vyake vya kwanza, vyeupe, vyenye kifungo, akapanda mpaka parwasini kabla mstari haujawa mrefu. Papa Cyprien alipima soli kwa kidole gumba, akaweka kinywani misumari midogo kuliko yote aliyokuwa nayo.

"Ngapi?" aliuliza kupitia kwenye misumari.

"Mbili," Cibalonza alisema. "Na uache nafasi. Mutoto atakomaa."