Sumaku Nne za Mlango wa Meli

Ardis Halvorsen alijua kuna jambo tangu alipofungua mlango wa nyumba ya mwanawe akanusa limau.

Si limau ya sabuni ya sakafu. Limau ya keki. Ganda lililokwaruzwa, na nyuma yake harufu tamu ya jibini laini inayoiva taratibu. Sasa Renata, mke wa mwanawe, ana sifa zake nyingi tu, lakini kuoka hakumo. Miaka kumi na moja ya ndoa, Ardis hajamwona akishika mwiko ila kwa kuulamba.

"Kuna kitu kwenye oveni?" aliuliza, huku akikung'uta theluji kwenye buti.

"Hamna kitu, mama," Renata alisema. Alisema upesi mno, na alikuwa amesimama mbele ya oveni kama mlinzi wa benki.

"Haya."

Hiyo "haya" ya mama mtu mzima wa Minnesota, ukiisikia, tafuta pa kukaa. Ndani yake mna kesi nzima, na mashahidi.

Ardis akaketi mezani na koti lake mwilini. Renata akammiminia kahawa. Simu ya Renata ilikuwa juu ya meza, kifudifudi, ikatetemeka mara tatu mfululizo. Renata akaigeuza kuchungulia, na Ardis, ambaye macho yake yana miaka sitini na tisa lakini kwa mambo ya watu hayajazeeka, akawahi kusoma jina la kundi. Baharini Februari.

Ardis alikuwa na kundi moja tu la familia kwenye simu yake. Linaitwa Familia. Ujumbe wa mwisho mle ulikuwa wa Krismasi, picha ya mbwa wa jirani amevaa kofia.

Basi ikaeleweka. Kuna safari, na yeye hamo.

Ukitaka kujua kwa nini jambo hilo lilimkata maini, jua kwamba akina Halvorsen huvumilia baridi ya kugandisha kope kwa sababu moja: Februari. Kila Februari wanakimbia. Mwaka mmoja bustani ya michezo kule Florida, yenye treni za kupinduka na foleni za saa mbili. Mwaka unaofuata meli ya starehe, siku saba juu ya bahari yenye joto. Na kila walikokwenda, Ardis alikuwa na kazi yake. Alikuwa anakula kitu kitamu kimoja, taratibu, macho amefumba, kisha anakirudisha nyumbani kwa ulimi. Pudini ya mkate ya kwenye meli. Vijiti vya mdalasini, vile vya unga wa kukaanga, vya pale langoni mwa jumba la mizimu. Keki ya chokoleti inayomwagika katikati, ile ilimchukua trei tisa mpaka akaipata. Viungo alikuwa anaviandika kwenye tishu za mezani, na tishu zote zimo ndani ya bati la biskuti juu ya friji.

Tena kulikuwa na keki ya safari. Kila Januari Troy, mwanawe, humpigia simu kisirisiri amwambie rangi. Bluu maana yake meli, njano maana yake bustani. Ardis anaoka keki nyeupe kwa nje, rangi imefichwa ndani, na mjukuu wake Maren ndiye anayeikata Jumapili baada ya kanisa. Mtoto hajui anakwenda wapi mpaka kisu kizame.

Januari ilikuwa imefika tarehe ishirini na tatu. Troy hajapiga.

Siku ile alipokuwa anaondoka, Ardis alisema anaiacha trei yake ya vipande vya karanga gereji ipoe. Huko wakati wa baridi gereji ndiyo friji ya pili, kila mtu anaweka sufuria zake huko, kwa hiyo Renata hakuwa na sababu ya kumzuia, ingawa mdomo wake ulifunguka kidogo halafu ukafunga.

Kwenye rafu, juu ya gazeti, palikuwa na sumaku nne zinakauka rangi. Wazoefu wa meli wanazijua. Milango ya vyumba vya meli ni ya chuma na yote inafanana, kwa hiyo watu wanatengeneza sumaku zenye majina na kuzibandika ili wasiingie vyumba vya watu. Hizi zilikuwa na umbo la nanga. Ya kwanza, Troy. Ya pili, Renata. Ya tatu, Maren, na nyota kibao. Ya nne ilikuwa haijaandikwa jina.

Ardis aliitazama ile ya nne mpaka vidole vikaanza kuuma kwa baridi. Inaweza kuwa yangu, moyo ulisema. Kama ni yako, mbona imeachwa ya mwisho? ukasema tena huohuo moyo.

Usiku haukumpa usingizi, asubuhi akampigia Troy.

"Mwanangu, mko salama?"

"Salama, mama. Wewe?"

"Salama. Nilikuwa nawaza tu. Unga wangu unakaribia kwisha, sijui ninunue kiasi gani."

Hapo Ardis alikuwa amemfungulia mlango wa kuitaja keki, akautegesha na kiti kabisa. Troy akakohoa. "Nunua wa kawaida tu, mama," akasema. Halafu akaanza habari za betri ya gari.

Jumamosi Ardis akamwomba Maren aje waoke pamoja. Maren ana miaka minane na siri kwake ni kama maji kwenye chujio. Ardis alimpa bakuli, akampa mayai avunje, akangoja mpaka mikono ya mtoto ikajaa siagi asiweze kukimbia.

"Siku hizi mama yako anaoka sana, ee?"

"Bibi, mama kasema nikija kwako nisiongee sana."

"Usiongee kuhusu nini?"

"Hicho ndicho nisichotakiwa kuongea."

"Sawa, kipenzi. Siri ni kitu kizuri." Ardis akapima sukari, akakikung'uta kikombe mara mbili. "Anaoka ile ya limau?"

"Ameunguza mbili. Baba alikula moja akasema nzuri, halafu akanywa maji mengi." Maren akacheka. "Anajifunza ili aje aifanye vizuri kabla..." Akajiziba mdomo na mkono wenye siagi.

"Kabla ya nini?"

"Bibi, wewe unanichimba."

"Mimi? Mimi nauliza mambo ya keki tu."

"Mama kasema utasema hivyohivyo."

Kwa hiyo wamenijadili, Ardis aliwaza. Wamekaa kwenye meza niliyowanunulia mimi wakanijadili, mpaka maneno yangu wanayajua kabla sijayasema. Akaanza kupitisha mambo ya mwaka mzima kwenye ungo. Alikosea wapi? Mwaka juzi kwenye meli alimrudishia mhudumu pudini akamwambia haina chumvi. Mara mbili. Labda tatu. Pia alimweka Maren kwenye foleni ya vijiti vya mdalasini kutwa nzima mwaka jana, wakakosa maandamano ya taa. Lakini hayo ni makosa ya kumwacha mtu barafuni?

Halafu kulikuwa na lile la Novemba, usiku wa sikukuu ya shukrani, bata mzinga amebaki mifupa. Renata alimwuliza, "Mama, Februari utakuja na sisi?" Ardis akajibu kama mtu yeyote mwenye adabu: "Aa, mimi nimeshazeeka, nendeni nyie vijana." Renata akauliza tena. Ardis akasema, "Msihangaike na mimi, nafasi mpeni mwingine." Hilo wala halikumtia wasiwasi. Kule kwao anayekubali mara ya kwanza ni mlafi, anayekubali mara ya pili hajalelewa, na mara ya tatu ndiyo unasema, "Haya basi, kama mmesisitiza." Hata kipande cha mwisho kwenye sahani kinasubiri mara tatu. Ardis alikuwa bado anaisubiri ya tatu. Alidhani itakuja na kahawa.

Jumamosi jioni, Maren alipokwisha kuchukuliwa, Ardis alitoa unga na kuoka keki ya safari ambayo hakuna aliyemwagiza. Nje nyeupe. Ndani alitia rangi ya bluu mpaka mchanganyiko ukawa kama wino.

Jumapili baada ya kanisa aliipeleka kwa mwanawe, akaiweka katikati ya meza, pembeni ya keki ya limau ya Renata iliyopasuka juu kama tope la kiangazi. Troy alipoiona akasimama na uma mkononi.

"Mama. Hii ni keki ya nini?"

"Ya kula," Ardis alisema. "Maren, kata."

Maren akamtazama mama yake, akamtazama baba yake, akakata, maana keki ni keki. Kipande kikatoka. Bluu.

Mashine ya joto iliwaka chini ya nyumba, ikanguruma, ikatulia.

"Nani kamwambia?" Renata akamgeukia Maren.

"Mimi sijasema. Alinichimba lakini sikusema."

"Usimlaumu mtoto," Ardis akasema. "Pua yangu imeniambia. Na sumaku zenu. Nataka kujua tu ile ya nne ni ya nani, ili nisile na mawazo."

Renata akaweka kisu chini. Yeye ni wa New Jersey, watu wa huko neno likikaa mdomoni linawaunguza. "Ya mama yangu," alisema. "Ya Loretta. Hajawahi kupanda meli maisha yake yote. Hii limau ni yake, nilitaka aikute mezani usiku atakaofika hapa. Na wewe tulikuficha kwa sababu tuliona aibu kuisema safari mbele ya mtu ambaye hataki kwenda."

"Nani hataki kwenda?"

"Wewe. Nilikuuliza, ukakataa. Nikakuuliza tena, ukasema nafasi apewe mwingine. Nimempa mwingine."

"Umeniuliza mara mbili," Ardis alisema.

"Ndiyo. Mbili. Kwetu mtu akikataa mara mbili ukimwuliza tena anakurushia kiatu."

Ardis alikuwa amemgeukia Troy, maana kengele nyingine ilikuwa inalia kichwani mwake, na hii ilikuwa mbaya kuliko zote. Renata ni mgeni, hajui. Lakini Troy alizaliwa barabara hiihii. Troy alijifunza kuhesabu mpaka tatu kwa vipande vya mwisho vya keki.

"Wewe ulikuwepo," alimwambia. "Ulikuwa unaosha masufuria. Ulisikia."

Troy alitazama sahani yake. "Nilisikia, mama."

"Ulihesabu?"

"Nilihesabu." Akapangusa mdomo ambao haukuwa na kitu. "Nikangoja Renata aulize ya tatu. Hakuuliza. Ningeweza kuuliza mimi. Sikuuliza."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kila mwaka tunazunguka kutafuta pudini. Tunakaa foleni ya keki, tunarudisha keki, unamwita mpishi, na mimi nasimama pale nikiona haya. Nikasema mwaka huu acha nikae tu kwenye kiti nitazame bahari. Halafu nikajisikia vibaya, nikashindwa kukupigia. Nisamehe."

Renata alikuwa amemkodolea mumewe macho. "Wewe ulijua anataka kwenda? Umeniacha nichukue nafasi ya mama yako kama mwizi?"

"Tutaongea baadaye," Troy alisema.

"Tutaongea sana."

Ardis alikuwa na njia mbili, na ya kwanza aliijua vizuri kama njia ya kwenda kanisani. Angesema haidhuru, hamna shida, mimi nina kazi zangu, angevaa koti, na wangebaki na neno hilo tumboni mpaka mvua za Aprili. Koti lenyewe lilikuwa mgongoni mwa kiti. Aliligusa.

"Nataka kwenda," alisema.

Troy akainua kichwa kana kwamba mama yake amevua nguo mezani. Maisha yake yote hakuwahi kumsikia akitaka kitu kabla hajaombwa.

"Nataka kwenda," Ardis akarudia, na uso ulikuwa umemwiva. "Pudini nitakula kama zilivyo. Foleni nitasimama peke yangu. Bahari utatazama. Lakini sitaki kubaki hapa nachoma unga mwenyewe huku nyie mna kundi la simu."

Renata alikuwa keshachukua simu, kidole kinapanda na kushuka. "Chumba chetu kimejaa watu wanne. Kimebaki kimoja cha ndani, hakina dirisha, vitanda viwili vya juu na chini. Nikimhamisha mama yangu mkae wote humo, mnaingia." Akasita. "Ila lazima nimwulize."

"Mara ngapi?" Maren akauliza, mdomo umejaa bluu.

"Moja tu. Yule atajibu kabla sijamaliza."

Na kweli. Loretta alitokea kwenye kioo cha simu na miwani mbili, moja machoni na moja kichwani, akasema sawa, sawa, kisha akataka apewe huyo mkwe mwenza amwone. Ardis akashikishwa simu. Wanawake wawili wakatazamana kama watu wanaonunua gari kuukuu.

"Wewe ndiye unayerudisha pudini?" Loretta aliuliza.

"Haikuwa na chumvi."

"Hm. Na hiyo bluu nyuma yako, mmekula rangi ya kiwanda?"

"Na hiyo limau yenu," Ardis alisema, "jibini mnaichuja usiku kucha au mnaitia na maji yake?"

Loretta akasogeza uso mpaka kioo kikajaa pua. "Nani kakuambia habari za kuchuja?"

"Imepasuka juu. Haikuchujwa."

"Binti yangu ana haraka. Mimi nachuja." Loretta akampima kwa macho. "Unakoroma?"

"Sijui. Mume wangu hakuwahi kusema, na sasa hayupo wa kuuliza. Wewe?"

"Wangu alisema. Simwamini."

Ardis naye hakumwamini Loretta, wala marehemu mumewe mwenyewe aliyekwenda bila kusema. Akaitazama ile sura ngeni, akawaza siku saba ndani ya chumba kisicho na dirisha, na akasema kabla mwenzake hajawahi.

"Kitanda cha chini ni changu."