Mama, Ni Mimi

Miaka yangu yote ya kazi nilikuwa opereta wa simu katika kiwanda cha rangi. Nilikaa kwenye kichumba chenye dirisha moja, nikipokea kila aliyepiga na kumwunganisha na anayemtaka. Sheria ilikuwa moja: laini haiachwi ikilia. Awe mteja, awe mlevi aliyekosea namba, unamjibu kwa adabu ndipo unakata. Nimestaafu, mume wangu amefariki, lakini adabu hiyo haijastaafu.

Kwa hiyo nilipoachiwa kompyuta ya binti yangu, nilijibu kila barua pepe iliyoingia. Mmoja aliniandikia kwamba nimeshinda gari. Nikamshukuru, ila nikamwambia sijui kuendesha. Daktari wa magoti alinisalimu kila asubuhi, "Mpendwa, magoti yako yanaendeleaje?" Nikamjibu kwamba la kushoto ndilo linalonisumbua. Mwana wa mfalme aliyetaka kunikabidhi utajiri wa marehemu baba yake nilimpa pole ya msiba na kumshauri aonane na wakili. Walirudi wakiwa wengi zaidi, na sitadanganya, nilifurahi. Nyumba ya mtu mmoja ina kimya cha kuudhi. Unaosha sahani moja na kikombe kimoja, kisha unakaa kuutazama mlango ambao hakuna anayeubisha.

Niliyemsubiri hasa hakuandika. Mimi na binti yangu wa pekee tulikosana siku ya kumzika baba yake. Nani alimwambia nani nini, sitaki kurudia. Aliondoka nchini, akabadili namba ya simu, na kilichobaki kati yetu kikawa anwani ya barua pepe ambayo kila mmoja alingoja mwenzake aanze kuitumia. Kwa kiburi, sisi ni mtu na mama yake kwelikweli.

Mtoto wa dada yangu anafanya kazi mamlaka ya mawasiliano, kitengo cha malalamiko ya barua taka. Tunamwita Kifungu, kwa sababu hawezi kumaliza kikombe cha chai bila kutaja kifungu cha sheria. Siku aliyokuja kunijulia hali akaona barua zangu, alishika kichwa.

"Mama mdogo, kumbe huwa unawajibu hawa?"

"Wameandika. Ulitaka niwanyamazie?"

Akanieleza taratibu kwamba kila jibu langu liliwaambia matapeli kuwa nyumba ina mtu, nao wakauziana anwani yangu. Sheria mpya, alisema, inamtaka mfanyabiashara apate idhini yako kabla ya kukutumia matangazo, ajitambulishe, na akuwekee njia ya kujiondoa, akikaidi, faini. Wawili watatu walikwisha kutozwa, na alilisema hilo kwa fahari kama vile aliwakimbiza kwa miguu. Lakini sheria inaishia mpakani, na matapeli wengi wako ng'ambo. Huko kazi ni ya chujio, programu inayosoma barua kabla yako na kuzitupa kwenye folda ya taka zile za watu usiowajua na zenye maneno ya kitapeli. Akaniuliza ninawajua nani. Nikamtajia watu wangu, na walikuwa wachache mpaka nikaona aibu. Binti yangu nilimtaja wa kwanza, Kifungu akaiingiza anwani yake.

Akanionya juu ya sentensi moja iliyowaliza akina mama wengi: "Mama, ni mimi, nimebadilisha anwani." Hiyo, alisema, chujio litaikamata hata ikija imevaa suti. Mwisho akaniomba niwe naichungulia folda ya taka mara moja moja, maana chujio nalo hukosea, na folda hiyo hujifuta yenyewe kila mwezi. Nikamwambia nimezeeka, lakini sijafikia kuchokora majalala.

Chujio lilifanya kazi. Asubuhi nafungua kompyuta, hakuna kitu. Mchana, labda ofisi ya maji inatangaza kwamba maji yatakatika. Kimya kile kiliniuma kuliko nilivyotarajia. Yule tapeli angalau alikuwa akiniita mpendwa.

Alasiri moja mvua ilinyesha, goti la kushoto likaanza, nikamkumbuka daktari wangu. Nikajiambia namchungulia tu, nione kama bado anaandika. Alikuwepo, maskini, kila asubuhi bila kukosa. Katikati ya salamu zake kulikuwa na barua yenye kichwa "Mama, ni mimi."

Kidole kilikwisha kufika kwenye kitufe cha kufuta. Lakini opereta hakati kabla ya kusikiliza, nikaifungua.

Aliandika kwamba anwani yake ya zamani ilizama katika barua taka mpaka akaiacha, na kwamba hii ni mpya. Safari ya kikazi ingempitisha kwenye uwanja wetu wa ndege siku ya Jumatano, na angeshinda hapo akisubiri ndege nyingine. Angekaa mkahawani, karibu na mlango wa kuwasili. Nisipojibu ataelewa kwamba sitaki, wala hatanisumbua tena. Nikawa bado na shaka, maana tapeli naye ana uwanja wa ndege. Ndipo nikafika mstari wa mwisho: "Naomba uniunganishe na mama."

Alipokuwa mdogo, akitoka shule alikuwa akipiga simu kiwandani kutoka kwa jirani. Napokea mimi, naye anajifanya hanijui, anasema kwa sauti ya kikubwa, naomba uniunganishe na mama. Nabonyeza kitufe kisichounganisha popote, kisha namjibu: umeunganishwa, sema. Mchezo huo hata baba yake hakuujua.

Nikatazama tarehe. Jumatano hiyo ilikuwa imepita. Siku hiyo nilikuwa hapa hapa nyumbani, nakunja nguo. Nililia nikiwa kwenye kiti. Nimemjibu mwana wa mfalme, nimewajibu wauza vidonge, mwanangu nikamwacha laini ikilia.

Nikamwandikia kwamba anisamehe, sikuiona, nipo. Jibu likarudi papo hapo, moyo ukaruka. Halikuwa lake. Lilitoka kwenye chujio lake: "Mwenye anwani hii hapokei barua kutoka kwa wasiojulikana. Eleza wewe ni nani. Ombi lako litasubiri mpaka atakapoliruhusu."

Nilimpigia Kifungu na kumwuliza mama anakuwaje asiyejulikana, kwa mtu aliyemwandikia mwenyewe.

"Mama mdogo, chujio la aina hiyo humpokea kila mtu uliyewahi kumwandikia."

"Basi mbona limenikataa?"

"Labda awe amekutoa mwenyewe."

Safari hii hakutaja kifungu chochote. Nilimshukuru, nikakata simu, nikarudi kwenye kompyuta. Pale palipoulizwa mimi ni nani niliandika: "Umeunganishwa na mama. Sema." Nikabonyeza kutuma.

Kifungu ameniambia mara kadhaa kwamba kompyuta isiyozimwa huharibika. Nami bado sijaizima.