Taipureta Kutoka Salgaa

Kiharusi kilimpata mama yangu upande wa kulia: mkono, mguu na mdomo. Hospitalini tulipewa mpira laini wa waridi aubinye ili vidole viamke. Aliubinya kidogo, akautupa chini ya kitanda. Mama, ambaye jina lake ni Nanyama, alikuwa mpiga taipu kiwandani hapa Nakuru tangu usichana hadi alipostaafu, na ule mpira aliuona kama matusi.

"Wa mtoto," alisema. Maneno yake siku hizi hutoka yamekunjana, lakini hayo niliyasikia vizuri. "Nitafutie mashine."

Nilimwambia nitaazima kompyuta. Akatikisa kichwa. Alitaka kibonye kinachoshindana na kidole.

Niliulizia sana. Mwishowe jirani mmoja anayeendesha lori akaniambia ameona taipureta ndogo, ya kubeba kwa mkono, huko Salgaa wanakolala madereva wa malori, kwenye hoteli ya mtu anayeitwa Ogada. Nikaenda.

Ogada alikuwa nyuma ya kaunta akikata nyama, kijiti cha meno kikining'inia mdomoni. Nilipomweleza shida yangu alicheka, akanipeleka stoo huku kisu kiko mkononi.

"Kuna mgeni aliisahau rumu, sister. Kitambo sana. Nikaiweka kaunta iwe maua, lakini wateja walikuwa wanaijaza mifupa."

Stoo ilinuka mkojo na mafuta yaliyoungua. Magodoro ya vyumba vya kulala wageni yalikuwa yamerundikwa hadi karibu na dari, yote yana ramani za manjano. Ogada alivuta moja na mende wakapanda ukutani kwa pamoja, kama mtu amemwaga maharagwe kuelekea juu. Chini yake ndipo taipureta ilipokuwa, ndani ya sanduku lake. Kifuniko kilikuwa kimeganda. Akachomeka kile kisu, akapindua, kikafunguka.

"Inafanya kazi?" nikauliza nikiwa nimeziba pua.

"Si nilikuwa naipaka mafuta kila mara! Mafuta poa, ile ya kukaanga chipo."

Alirudi kaunta, akafuta kisu kwenye aproni, akaendelea na nyama yake. Mwanamume mmoja alikuwa ameketi hapo akisubiri sahani. Nilimpa Ogada pesa alizotaka bila kubishana, nikaondoka na taipureta upesi kabla sijaiona hiyo sahani ikija.

Mtaani Bondeni kuna fundi wa cherehani anaitwa Jalal. Ndiye aliyekuwa akirekebisha cherehani ya mama, na taipureta kidogo anazijua. Aliifungulia nje ya kibanda chake, juani. Mikono ya herufi ilikuwa imeshikana kwa utando wa mafuta mazito ya kahawia. Ndani ya utando huo kulikuwa na nywele, kucha, vijiti vya meno na maganda ya mende. Jalal aliinua rola kwa bisibisi. Chini yake kulikuwa na kiota cha panya kilichotengenezwa kwa tishu, na ndani ya kiota vitoto vinne vimekauka, vidogo kama punje za karanga.

Jalal aligeuka akatema mate mtaroni.

"Dada, mimi najifunika kitambaa nikirekebisha cherehani ya mtu mchafu. Lakini hii ni choo. Ioshe kwanza, ndio uniletee."

Kwa hiyo niliiosha. Niliiweka kwenye karai kuukuu nyuma ya nyumba, nikaimwagia mafuta ya taa, nikasugua kwa mswaki. Uchafu ulilainika, ukawa kama uji. Kila nilipodhani nimemaliza, nilibonyeza kibonye kikatoa mguu wa mende. Mara mbili nilikimbilia kichakani kutapika. Kitambaa cha ndani ya sanduku nilikibandua nikakichoma, na hata moshi wake ulinuka Salgaa. Kwa wiki nzima nilikula kwa kijiko, kwa kuwa sikutaka vidole vyangu vifike mdomoni.

Ilipokuwa safi, Jalal aliishughulikia. Kamba inayovuta kigari cha karatasi ilikuwa imekatika, akatia uzi wa kuvulia samaki. Utepe uliokauka aliulowesha kwa wino wa mihuri. Mkono wa herufi Q ulivunjika alipojaribu kuunyoosha.

"Kiswahili hakina Q," alisema, akanifungia kipande kilichovunjika kwenye karatasi.

Siku niliyomletea, mama aliinusa kwanza. Kisha akaweka vidole vya kushoto mahali pake, bila kuangalia, na vile vya kulia nikamsaidia kuviweka. Kushoto kulikimbia. Kulia, kidole cha shahada kilibonyeza, kikakwama, kikabonyeza tena. Herufi moja ikatokea, hafifu. Mate yalimshuka kidevuni hadi kwenye blauzi na hakuyajali. Nami nilijali, nikampangusa. Alifanya hivyo kila asubuhi, na kila asubuhi kidole kiliongeza nguvu kidogo.

Kaka yangu mkubwa, Micah, alikuja kutuona Jumapili moja. Micah ana duka la simu mjini na ana watu wengi wanaomfuata mtandaoni. Nilipokuwa jikoni nikipika chai, alisema anapiga picha ya kumbukumbu. Sikuwaza lolote.

Aliyenionyesha ni Adongo, mwanamke tunayetumia naye bomba moja la maji.

"Huyu si mama yenu?"

Kwenye video iliyokuwa simuni mwake, mama alikuwa akibonyeza. Micah alikuwa ameivuta picha karibu hadi ikajaa ule mdomo uliopinda na uzi wa mate ukirefuka polepole, ukikatika, ukianza tena. Chini yake aliweka kinanda cha huzuni, maneno "Msaidie mama yangu shujaa," na nambari yake ya simu. Watu walikuwa wameandika dua. Wengine walikuwa wameweka vikatuni vya kucheka, na mmoja ameuliza kama hiyo mashine ndiyo inayomtoa mate. Nikageuza ndoo yangu, nikaikalia. Nilishika panya waliokauka kwa mikono hii na sikuwa nimehisi kinyaa kama hicho.

Nilimpigia Micah. Alisema tuongee Jumapili.

Jumapili alikuja na simu mpya na kijiti cha kuisimamisha. Hata hakuketi. Aliisimamisha mbele ya meza ya mama, akaanza kuongea na simu, anasalimia watu wake. Nilisogea na kitambaa nimpanguse mama.

"Ngoja, Nangila," alisema kwa sauti ya chini. "Acha hayo mate kwanza."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nilimtazama. Alikuwa akinipungia mkono nitoke kwenye picha, kama mtu anayefukuza kuku.

"Umesema nini?"

"Watu wanaguswa wakiona ukweli. Toka kidogo."

Mama alikuwa amesikia. Kiharusi hakikugusa masikio yake. Aliinyoosha karatasi, akaweka vidole. Micah akafurahi, akainama karibu, akaanza kuwasomea watazamaji herufi moja moja zilivyokuwa zikitokea.

"M... i... c... Jamani, anaandika jina langu! Micah! Mnaona? Mama anaandika jina langu!" Sauti yake ilianza kutetemeka kama ya mtu anayelia, ila macho yalikuwa makavu. "Sasa... t... o... k... a. Na... nini, mama? Na... s... i... m..."

Aliacha kusoma. Mama aliendelea. Kidole cha shahada cha kulia kilibonyeza u ya mwisho kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka.

micah toka na simu

Micah aliichomoa simu kwenye kijiti, akaizima. Uso ulikuwa umemwiva.

"Haelewi anachoandika," aliniambia. "Ni ugonjwa."

"Toka," nikasema.

"Mimi ndiye natafuta pesa ya dawa! Wewe unatoa wapi?"

Alinukia marashi mazuri, na harufu yake ilinichefua kuliko ile stoo ya Ogada. Nilimfungulia mlango nikasimama mbali naye asije akanigusa. Alipita, akaenda.

Ile video ya kwanza aliifuta baada ya binamu zetu kumpigia simu, lakini watu walikuwa wameshaichukua. Mpaka leo hunifikia kutoka kwa watu wasiomjua mama, na wimbo mwingine umewekwa juu yake.

Katikati ya wiki mtu wa boda alileta mfuko mzito kutoka kwa Micah: nyama ya mbuzi, sukari, mafuta, pamba. Nilitaka kuurudisha. Mama alinionyesha sufuria kwa kidole. Nikapika, kwa sababu ni mama, lakini kila kipande nilichokigeuza kilinifanya nimwone yule kaka yangu akiinama na simu. Sikuweza kuweka hata mchuzi ulimini kuonja.

Mama alikula sahani nzima. Mafuta yalimshuka upande ule uliopinda, nikampangusa. Akainua macho.

"Chumvi," alisema. Neno lilitoka limenyooka.